Gari la Zambarau la King'ora

Kwa miaka thelathini na mmoja aliendesha magari yasiyo yake. Yote yalikuwa meupe, yana mstari mwekundu ubavuni na kimulimuli cha buluu juu ya paa. Ndani yake alibeba walioanguka, walioungua, walioshikwa na uchungu wa kuzaa, na siku moja alimbeba fundi bomba aliyekwama mkono ndani ya bomba, na bomba lenyewe likaja naye mpaka chumba cha upasuaji. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti tu. Mtaani, wakubwa kwa wadogo walimwita King'ora, naye aliitika.

Alipostaafu, hospitali ilimpa saa ya ukutani na maneno matamu. Akarudisha ufunguo wa mwisho, akaenda nyumbani kwa miguu. Ilimchukua mwaka mzima kupata gari lake mwenyewe, gari dogo la milango minne alilouziwa na mfamasia aliyekuwa anahamia kwa watoto wake. Injini ilikuwa safi, viti havijachanika sana, breki zinashika kwelikweli. Kasoro ilikuwa moja tu. Lilikuwa jeupe.

"Jeupe tena!" alimlalamikia mkewe, wamesimama wawili uani wanalitazama. "Mimi nimestaafu, lakini naona sare imenifuata mpaka nyumbani."

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mtunza vitabu wa maktaba ya mji. Watoto wao pacha walikwisha kuoa na kuhama, na yeye akabaki na mume, paka, na tabia ya kusoma kila kitu chenye maandishi. Alisoma vikaratasi vya ndani ya boksi za dawa. Alisoma maelezo ya pasi kabla ya kuichomeka. Mtu akimletea maandazi yamefungwa kwenye gazeti, alikunjua gazeti kwanza.

"Basi lipake rangi," alisema.

Maneno matatu tu, lakini kwa King'ora ilikuwa kama mtu kamfungulia lango. Rangi! Kwa nini isiwe rangi? Jioni ile ile alikaa sebuleni na penseli za rangi walizokuwa wakichorea wajukuu, akachora gari upande wa kushoto, upande wa kulia, mbele na nyuma. Lilikuwa la zambarau. Si zambarau ya kuogopa watu. Zambarau iliyoiva, ile inayoelekea weusi kivulini na kuwaka juani. Akaongeza mstari mwembamba wa dhahabu ubavuni. Akaongeza rimu za kung'aa, viti vya ngozi rangi ya maziwa, wavu mpya wa mbele, vishikio vya milango vya fedha. Kila alipoinua penseli, jambo jingine lilimjia. Ulimi ulikuwa nje kidogo, kama mtoto anayejifunza kuandika.

Kesho yake alimwita shemeji yake, mdogo wake Mama Pacha, fundi wa kupuliza rangi ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi. Brashi alikuwa mtu wa mikono yenye rangi kumi na kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Aliutazama mchoro, akainuka, akakaa, akautazama tena.

"Shemeji, hii kazi nimeisubiri maisha yangu yote," alisema. "Watu wananiletea milango iliyokwaruzwa. Fundi, nipakie kama ilivyokuwa. Kama ilivyokuwa! Hakuna anayetaka kitu kipya. Lete gari kesho asubuhi."

"Haliendi popote kesho," Mama Pacha alisema kutoka mezani. Mbele yake ulikuwa mkataba wa bima ya gari, kurasa kumi na nne, naye alikuwa kwenye ya tisa. "Sikilizeni hapa. Mwenye gari ataiarifu kampuni mabadiliko yoyote ya chombo, yawe ya injini au ya mwonekano, kabla hayajafanywa."

Brashi akapiga kofi paja lake. "Dada, hayo huandikwa kujaza karatasi tu. Rangi inahusiana nini na bima? Gari halikimbii zaidi kwa sababu ni zambarau. Usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Mdomo ndio uliokiponza kichwa."

"Na rimu?" Mama Pacha aliuliza. "Na viti? Likiibwa, watalipa gari gani, lile jeupe la kwenye karatasi au hili la kwenye mchoro?"

King'ora aliwatazama ndugu hao wawili wakitupiana maneno juu ya kichwa chake. Yeye kwa kweli alikwisha kata shauri. Miaka yote ile, kabla ya kuwasha gari la wagonjwa, alikuwa akilizunguka na karatasi ya ukaguzi: taa, matairi, mitungi ya hewa, mkwaruzo mpya uko wapi. Mkwaruzo usioandikwa asubuhi ulikuwa mkwaruzo wako jioni. Lakini kulikuwa na sababu nyingine, nayo aliona haya kuisema. Alitaka kuwaonyesha watu mchoro wake. Ofisi nzima ya watu wasiomjua!

"Naenda," alisema. "Na mchoro naenda nao."

Ofisi ya bima ilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani. Viti vya plastiki vilikuwa vimeunganishwa kwa chuma ili mtu asiondoke na kimoja, feni inageuka huku ikilalama, na nyuma ya kioo alikaa karani mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. King'ora alikuwa amevaa shati la harusi za watoto wake.

"Karibu, Mzee. Umepata ajali?"

"Hapana, mwanangu."

"Gari limeibwa?"

"Limelala salama uani."

"Unataka kusitisha bima?"

"La hasha! Nimekuja kuwaambia ninachotaka kulifanyia gari langu. Kulipamba."

Karani aliweka kalamu chini. "Umekwisha kulipamba?"

"Bado. Ndiyo nataka kuanza."

"Yaani umekuja *kabla*?" Aligeuka nyuma, akaita kuelekea mlango uliokuwa wazi. "Dada, hebu njoo. Njoo umwone mtu."

Aliyekuja alikuwa msimamizi wa ofisi, mama mnene mwenye mwendo wa taratibu na kalamu nyekundu nyuma ya sikio. King'ora alikunjua mchoro wake, akaubandika kwenye kioo kwa kiganja cha mkono. Mle ndani watu wakaacha kompyuta zao. Mmoja akasema, "Zambarau!" Mwingine akasema mjomba wake angekufa kwa wivu. Mtu wa chai naye alisimama na sinia yake mpaka chai ikapoa. King'ora alieleza mstari wa dhahabu unaanzia wapi na kuishia wapi, akaeleza ngozi ya viti, na kila aliposikia mtu akiguna kwa kupendezwa, shingo yake ilirefuka kidogo.

Fomu ya kampuni ilikuwa na mstari mmoja tu wa kuandikia mabadiliko. King'ora alikuwa nayo kumi na moja. Karani akachukua karatasi nyingine, akayaandika moja baada ya jingine, na msimamizi akawa hakimu.

Rangi ilikubaliwa, ila akaibadilishe pia kwenye kadi ya gari, kwa sababu gari lililoandikwa jeupe halipaswi kutembea likiwa zambarau. Rimu zilikubaliwa, na ada ingepanda kidogo kwa kuwa wezi nao wana macho. Viti, sawa. Mstari wa dhahabu, sawa, tena msimamizi aliuliza jina la fundi. Karatasi ya giza kwenye vioo, nyuma tu, mbele hapana.

"Na hii ya kumi na moja," karani alisoma, "taa za buluu chini ya tumbo la gari, za kumulika."

"Hapo hapana," msimamizi alisema.

King'ora alitabasamu, akidhani ni utani. "Ni taa ndogo tu."

"Udogo si hoja, Mzee. Buluu inayomulika ni ya polisi, zimamoto na gari la wagonjwa. Mtu akikuona kwenye kioo chake atakupisha njia."

"Ndiyo maana naitaka," maneno yalimponyoka.

Feni iligeuka, ikalalama. King'ora alihisi masikio yanawaka moto, lakini maji alikwisha yavulia nguo. "Miaka thelathini na mmoja," alisema, sauti imeshuka, "nikigeuza kona barabara ilikuwa inafunguka. Malori, mabasi, wakubwa na madereva wao, wote pembeni. Sasa nasimama foleni na kila mtu, na mtu wa nyuma ananipigia honi. Sisemi ni vibaya. Nasema tu... nilizoea."

Msimamizi hakucheka. Alitoa kalamu sikioni, akaizungusha vidoleni. "Sasa fikiria, Mzee wangu. Mtu kakupisha kwa haraka, kaingia mtaroni. Kichwa kinamvuja damu. Anakuja kukuuliza, mgonjwa wako ni nani? Nawe ulikuwa unakwenda kununua nyanya."

King'ora aliyaona yote kama yanatokea pale pale: mtaro, mtu, damu, na kapu la nyanya kwenye kiti cha ngozi rangi ya maziwa. Akaanza kutikisika mabega, kisha kicheko kikamtoka, na ofisi nzima ikacheka naye. Akaomba kalamu. Aliifuta ile ya kumi na moja kwa mkono wake mwenyewe, mstari mmoja ulionyooka. Roho ilimuuma alipokuwa anaifuta, lakini ulikuwa ule uchungu wa kung'oa jino. Likishatoka, unajilamba pengo na kushangaa ulilibeba la nini.

Akapewa barua yenye mhuri. Mambo kumi yameandikwa, yamelindwa tangu siku ile, na mkaguzi angekuja kulitazama gari kazi ikimalizika.

"Sharti moja," karani alimwambia. "Kikiongezeka chochote, hata kijibandiko, piga simu kabla hujageuza ufunguo."

Aliteremka ngazi kama kijana aliyeposa akakubaliwa.

Kazi ilichukua siku kumi na mbili, na King'ora hakukosa hata moja. Asubuhi Brashi anafungua gereji, shemeji yake yuko mlangoni na chupa ya chai. Aliona milango ikivuliwa. Aliona weupe ukisagwa kwa msasa mpaka bati likabaki kijivu kama anga la mvua, na hapo moyo ulimwenda mbio, kwa sababu gari lilionekana kama limefukuliwa. Kisha ikaja siku ya rangi. Brashi alivaa barakoa, akafunga turubai pande zote, na kwa saa nzima King'ora alisikia tu sauti ya mashine na harufu ikimpanda kichwani.

"Nifungue?" Brashi aliuliza.

"Fungua, kabla sijafa!"

Turubai likavutwa. Ile rangi ilikuwa na kina. Uliiona juu, kisha ukaona nyingine chini yake, na nyingine tena, na jua liliposogea kidogo ubavu wote ulihama kutoka weusi kwenda uwekundu wa divai na kurudi. Alilizunguka mara tatu. Aliligusa kwa ncha ya kidole, akaangalia kidole kama kimebaki salama.

"Shemeji," alisema hatimaye, "wewe si fundi. Wewe ni mchawi."

Alhamisi ya kuchukua gari, kila kitu kilikuwa mahali pake: rimu, viti, vishikio, mstari wa dhahabu usiotetereka hata unywele. Na nyuma, juu ya buti, palikuwa na kitu asichokichora. Bawa. Spoila ndefu, iliyojikunja kidogo kama mkono unaoaga, imepakwa zambarau ile ile.

"Zawadi," Brashi alisema, amekunja mikono kifuani, anangoja kusifiwa. "Kwa kuniamini."

King'ora aliipenda papo hapo. Aliipenda mpaka akasikia haya, mtu mwenye wajukuu. Halafu akatoa simu mfukoni.

"Unampigia nani? Dada?"

"Bima."

"Shemeji! Ni bawa tu! Gari halitaruka!"

King'ora alikwisha inua kidole kumnyamazisha. Pale gerejini mashine ilikuwa inanguruma, mtu anagonga bati, redio inaimba. Alipiga kelele kwenye simu: "Mwanangu, ni mimi, wa zambarau! Imeongezeka spoila! Spoila, nyuma! Ndiyo! Zawadi ya shemeji!" Upande wa pili akasikia sauti ikisema kitu, akasikia "sawa, Mzee," na simu ikakatika. Hakujua kama karani alimwelewa au alikuwa anamtoa njiani. Aligeuza ufunguo.

Mtaa ulimpokea kama bwana harusi. Watoto walilikimbilia, majirani walitoka na vijiko mikononi. Mshonaji wa nyumba ya tatu, mwanamke mwenye sauti kubwa kuliko cherehani zake zote, aliweka mikono kichwani akasema, "Jamani, King'ora kaoa mke wa pili!" Mama Pacha aliyekuwa mlangoni akajibu, "Huyu angalau halii usiku," na watu wakaangua kicheko. Kisha Mama Pacha alisogea, akajitazama kwenye mlango wa gari, akajiweka sawa kilemba. King'ora aliona.

Mkaguzi alikuwa aje Jumatatu. Lakini Ijumaa, saa nne asubuhi, mshonaji alikuja mbio, mkanda wa kupimia bado unaning'inia shingoni.

"King'ora! Mke wa mwanangu! Maji yamemwagika, na mwanangu yuko kazini mbali!"

King'ora alipiga simu hospitali. Namba ile haikumtoka kichwani. Aliyepokea alikuwa mwenzake wa zamani. Gari moja lilikuwa njiani na mgonjwa, la pili lilikuwa gereji. "Zaidi ya nusu saa," mwenzake alisema. "Pole, kaka."

Hakuuliza tena. Alilitoa gari uani, mshonaji na mkamwana wake wakaingia nyuma. Mama Pacha alitupa mashuka juu ya ngozi ya maziwa na kuingia mbele, na wakaondoka.

Kwenye barabara kuu walikuta foleni imejipanga mpaka haionekani mwisho. Mkono wa King'ora ulikwenda wenyewe juu ya dashibodi, pale swichi ya king'ora ilipokuwa kwa miaka thelathini na mmoja. Ulikuta redio. Mbele yake lori la mchanga, nyuma yake mtu wa honi. Hakuna aliyempisha. Watu walimtazama, ndiyo. Abiria wa basi walishusha vioo na kumpiga picha. Lakini njia haikufunguka hata upana wa baiskeli.

"Nakufa! Nakufa mimi!" ilisikika nyuma.

King'ora alitazama kwenye kioo. Mkamwana alikuwa amebana meno, anapumua kwa utaratibu. Aliyekuwa anapiga kelele ni mshonaji.

"Jirani, samahani," King'ora alisema, "anayezaa hapa ni nani?"

Mkamwana alicheka katikati ya uchungu, akashika kiti. Na kicheko kile kikamrudisha King'ora kwenye kazi yake. Njia si swichi, alijiambia. Njia ni kuzijua njia. Alikata kushoto nyuma ya kiwanda cha mikate, akapita kichochoro cha maghala ambako malori hupakua usiku tu, akavuka reli pale kwenye kibanda cha mlinzi, akaibukia nyuma ya uwanja wa mpira. Hakwenda kasi. Kila shimo alilikwepa kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Alikuwa anaongea muda wote, kwa sauti ile ile ya kazini ambayo Mama Pacha hakuwahi kuisikia: "Vuta pumzi, mama. Toa. Tumebakiza kona tatu. Sasa mbili. Unafanya vizuri kuliko mimi." Mama Pacha alimgeukia, akamtazama kama mtu anayekutana naye kwa mara ya kwanza na kumpenda.

Mlango wa dharura ulikuwa wazi. Wauguzi wawili walitoka na kitanda cha magurudumu, wakasimama ghafla kwa mshangao.

"King'ora! Umekuja na nini?"

"Nimekuja na mama mjamzito! Gari mtalitazama baadaye!"

Mtoto alizaliwa dakika ishirini na mbili baada ya kufika, msichana mwenye sauti ya bibi yake. King'ora alizisikia kelele zile mpya kutoka ukumbini, akapiga ngumi hewani, akamkumbatia mlinzi asiyemjua. Alitoka nje akitaka kumpigia Brashi simu. Wakati ule ule, mbele ya macho yake, gari la kubebea nguo za dobi lilikuwa linarudi nyuma, polepole, dereva wake akiangalia upande mwingine.

"Ngoja! Ngoja! We!"

Sauti ya bati na bati ni fupi. Spoila ilivunjika vipande viwili. Bampa likapasuka, na kwenye kona ya buti rangi ikachubuka mpaka ukaonekana weupe wa zamani uliokuwa umejificha kwenye mpindo.

Dereva wa dobi aliteremka. Alikiri kosa papo hapo, akaomba radhi mara kumi. King'ora hakuweza hata kumgombeza. Aliinama, akaokota kipande cha bawa, akakishika kwa mikono miwili.

Mwisho wa wiki ule ulikuwa mrefu. Mama Pacha alimweleza kwamba bima yao ingetengeneza gari kwanza, kisha makampuni mawili yangemalizana yenyewe. Hilo alilielewa. Kilichomkosesha raha ni ile barua yenye mhuri. Aliisoma tena na tena. Mambo kumi. Spoila haikuwamo.

"Ni lile bawa langu," Brashi alisema, na safari hii hakucheka. Alikuwa mnyonge kama aliyevunja kitu cha watu. "Ni kosa langu, Shemeji. Watasema umeongeza kitu kwa siri. Wakigoma bawa, watagoma na kona yote."

Jumatatu mkaguzi alifika saa tatu kamili. Alikuwa mwanamume mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, faili kwapani, na uso usiotoa siri. Alisalimia kwa heshima, akaanza kulizunguka gari. Hakusema zambarau! Hakusema lo! Aliandika. Alipima rimu. Alifungua mlango, akanusa ngozi. King'ora alimfuata hatua mbili nyuma, Brashi nyuma ya King'ora, Mama Pacha nyuma ya Brashi, na mshonaji kwenye ukuta wake akijifanya anaanika nguo.

Mkaguzi alifika nyuma. Akatazama vile vipande viwili.

"Hii ni nini?"

"Spoila," King'ora alisema. "Iliongezwa Alhamisi. Nilipiga simu. Palikuwa na kelele, sijui kama..."

Mkaguzi alifungua faili. Kidole chake kiliteremka kwenye orodha: rangi, rimu, viti. Kilipita la tano, la nane. Kikafika la kumi, kikasimama. Brashi alishika mkono wa dada yake. Mkaguzi alilamba kidole, akageuza ukurasa.

"Nyongeza kwa simu," alisoma, bila kupandisha wala kushusha sauti. "Alhamisi, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Spoila ya nyuma, zambarau. Zawadi ya shemeji."

Brashi alirusha kofia yake juu. Haikurudi, ilinasa kwenye paa la jirani. King'ora alimshika mkaguzi mkono, akautikisa mpaka faili likaanguka, karatasi zikatawanyika uani, na watu wazima wanne wakaziokota huku wanacheka kama wanafunzi waliofunga shule. Yule mtu mwembamba alipoinuka na karatasi ya mwisho, hatimaye uso wake ulitoa siri.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "rangi kama hii mtu anaipata wapi?"

Brashi alikuwa amekwisha toa kadi yake.

Gari lilirudi gerejini, kwa gharama ya bima, rangi ile ile ya tabaka tatu na bawa jipya. Wiki hiyo hiyo Brashi alionekana kwenye ngazi za juu ya duka la miwani, ameshika picha za pikapu yake iliyochorwa miali ya moto miaka minne iliyopita. Alipoulizwa anakwenda wapi, alisema anakwenda kupima macho.

Siku ya kulichukua gari kwa mara ya pili, King'ora alienda na mkewe. Walipotoka mjini, karibu na kiwanja kikubwa kisicho na nyumba, Mama Pacha alimgusa bega.

"Simama hapa."

"Kuna nini?"

Alifungua mkoba, akatoa karatasi. King'ora aliijua mihuri ile. Ilikuwa ya bima, tarehe ya juzi: dereva wa pili, mwanafunzi, akiwa na mwalimu pembeni. Chini yake ilikuwa leseni ya kujifunzia, na picha ya Mama Pacha aliyekaza uso kama anakwenda vitani.

"Umefanya lini haya yote?"

"Wakati wewe unashinda gerejini na chupa ya chai. Nimesoma kitabu cha sheria za barabarani mara tatu." Alishuka, akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa dereva. "Sogea."

King'ora aliruka gia, akasogea. Mama Pacha alijiweka sawa kilemba, akarekebisha kioo, akakanyaga kitu. Gari likarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, likazima.

"Taratibu, mama watoto! Klachi! Klachi!"

"Usinipigie kelele, mimi si mgonjwa wako," alisema, akicheka mpaka machozi, na kuwasha tena.